Friji Langu Halikuishiwa Gesi

Tangu niingize friji la kwanza nyumbani kwangu mwaka 2011, nimeambiwa "gesi imeisha" mara saba. Nimehesabu. Mafundi wanne, mafriji matatu, jibu moja. Katika mara hizo saba, ni mara moja tu gesi ilikuwa imetoka kweli, na siku hiyo sikuhitaji fundi wa kuniambia, maana niliisikia mwenyewe ikitoka, ssssss, kama tairi la baiskeli lililokanyaga mwiba.

Naishi Mbagala, Dar es Salaam, na friji kwangu si la kutunzia kiporo. Ni genge langu. Dirishani pangu panauzwa maji ya baridi, juisi ya ukwaju na lambalamba za ubuyu, na Ramadhani ikikaribia nagandisha barafu za mifuko kwa ajili ya futari za mtaa mzima. Kuna ada za shule zilizolipwa kwa lambalamba. Kwa hiyo friji likizima, wengine watasema wamepata usumbufu. Mimi nimefungiwa duka.

La kwanza lilikuwa mtumba. Shemeji yangu alilivusha kutoka Unguja, nako lilikuwa limeshushwa kutoka Uingereza, akaniapia kwamba kitu cha Ulaya hata kikiwa kimetumika kinakishinda kipya cha dukani. Nilimwamini kwa sababu kila kitu kilikubali. Plagi yake ya miguu mitatu iliingia kwenye soketi yetu bila adapta, umeme wake volti 230 kama wetu, mlango mzito, ukiusukuma kidogo unajifunga wenyewe. Tuliliweka sebuleni, pale mgeni akiingia tu analiona. Mama mkwe akatoa kitambaa cha kufuma kwa mkono tukalivisha, juu yake tukapanga maua ya plastiki. Mgongoni lilikuwa na ule wavu mweusi wa mabomba, nao tukausukumia ukutani kabisa ili sebule ipate nafasi ya kochi.

Asubuhi lilikuwa linapoza vizuri. Kuanzia saa nne, jua likishaanza kuchoma bati, linaanza kunguruma na halinyamazi mpaka usiku. Maji yanakuwa ya baridi ya mtungi tu. Luku inakimbia. Fundi wa kwanza akaja, akaweka kiganja kwenye friza, akatikisa kichwa: gesi imeisha. Akaongeza, akachukua 60,000, na friji likaendelea vilevile.

Miaka mingi baadaye, friji lenyewe likiwa limeshageuka kabati la vyombo vya plastiki, nilipiga magoti kulisafisha nikaona kibandiko kidogo ndani, karibu na droo ya mboga. Kiliandikwa SN-N. Wakati huo nilikuwa nimeshafundishwa maana yake. Kila friji la kiwandani hupewa daraja la hali ya hewa. SN na N ni mafriji yaliyotengenezwa kufanya kazi kwenye chumba ambacho joto lake halivuki nyuzi 32. ST inafika 38. T, yaani ya nchi za joto, inafika 43. Sasa nyumba ya bati isiyo na dari, Mbagala, mwezi wa pili, saa nane mchana, nani atakwambia nyuzi 32? Friji lile halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa ugenini, limevishwa sweta na limebanwa ukutani.

Lilikufa mwaka 2014, kwa kisu. Barafu ilikuwa imejaa kwenye friza mpaka kijimlango hakifungi, na wifi yangu alitaka kuwahi kutoa samaki kabla wageni hawajafika. Simlaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafanya hivyo mara nyingi kabla yake. Akachomeka ncha ya kisu cha jikoni kwenye barafu, akakandamiza, na ndipo nikasikia ule mluzi. Alibaki ameshika kisu hewani, ananitazama. Kuta za friza lile ni alumini nyembamba na gesi inapita ndani yake, kwa hiyo unapochokonoa barafu unachokonoa bomba. Sasa hivi nazima friji usiku, naacha mlango wazi, naweka sufuria ya maji ya moto ndani. Taratibu, lakini sina wasiwasi.

Fundi aliyekuja kuziba alipaka gundi ya chuma, akajaza gesi iliyokuwa kwenye mtungi wake, basi. Ilidumu miezi mitatu. Kwenye kompresa palikuwa pameandikwa R600a na gramu chache tu, yeye akatia R134a kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Hizo ni gesi mbili tofauti, vipimo vyake tofauti, na hata oili ya ndani ya kompresa inayoendana na moja huwa haielewani na nyingine. Tena R600a ni isobutani, ndugu wa karibu wa gesi tunayopikia jikoni. Fundi anayewasha mtungi wa kuchomea bomba bila kusoma kibandiko anacheza na moto sebuleni kwako.

Friji la pili nililinunua jipya, la mlango mmoja, dogo, hapahapa Rangi Tatu. Hilo ndilo lililonikutanisha na fundi mzee wa Mtoni Mtongani, na laiti ningemjua mapema pesa nyingi zingebaki kwenye kibubu.

Mwaka 2017 likaanza tabia. Taa ya ndani inawaka, lakini halipoi. Ukisogeza sikio nyuma unasikia tk, halafu mmmmmm kwa sekunde chache, halafu tk. Kimya dakika mbili tatu. Kisha tena: tk, mmmmmm, tk. Nikamwita fundi. Gesi imeisha, 70,000. Likafanya kazi siku nne, likarudia. Nikamwita mwingine. Naye akasema gesi imeisha, yule wa kwanza alitia kidogo. Nilitaka kuuliza mbona gesi ikiisha friji linasema tk, lakini mwanamke ukimhoji fundi unaambiwa unajua sana.

Mzee alikuja kwa miguu kutoka kituoni, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakubeba mtungi. Alikuwa na mfuko wa kaki, ndani bisibisi mbili, koleo na kipima umeme.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeshawaita wangapi kabla yangu?"

"Wawili."

"Wote gesi?"

Nikacheka. Akaomba televisheni izimwe na watoto watoke nje. Akachuchumaa nyuma ya friji, akafumba macho, akasikiliza ile tk mara tatu huku akihesabu kwa vidole. Kisha akachomoa plagi, akafungua kifuniko kidogo cha plastiki ubavuni mwa kompresa, akavuta kidude cheusi chenye ukubwa wa kiberiti. Akakileta sikioni kwangu, akakitikisa.

"Sikia."

Kilikuwa kinacheza ndani, kama punje za mchele ndani ya kopo.

"Hii ni rilei. Ndiyo inayoisukuma kompresa ianze kuzunguka, kisha inakaa pembeni. Ikiwa nzima, ukiitikisa iko kimya. Hii kijiwe chake kimepasuka. Kompresa inajaribu kuamka, inashindwa, inapata moto, kinga yake inaikatia umeme. Ndiyo hiyo tk yako."

Rilei mpya 12,000. Ufundi 10,000. Robo saa friji lilikuwa linanguruma kama siku ya kwanza, naye mzee anakunywa juisi ya ukwaju iliyokuwa bado ya moto, akinisomesha. Gesi ya friji hailiwi, alisema. Haiko kama ya jiko. Imefungiwa ndani ya bomba lililochomelewa pande zote, inazunguka humohumo, na ile iliyotiwa kiwandani ndiyo inayopaswa kuwamo siku friji linauzwa chuma chakavu. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka, na anajua atarudi, maana ndiyo ajira yake.

Nikamuuliza rilei imepasukaje.

"Umeme wenu unapokatika na kurudi palepale, friji linafanya nini?"

"Linawaka."

"Linajaribu kuwaka. Kompresa ikiwa kazini, upande mmoja wa bomba unakuwa na presha kubwa, upande wa pili ndogo. Ikizimwa, inahitaji dakika tatu, nne, tano, presha zilingane. Umeme ukirudi kabla, unaiambia isukume mlango ambao mtu ameuegemea kwa ndani. Leo rilei. Kesho waya za mota zinaungua, na hapo ndipo utaijua bei ya kompresa."

Dawa yake ni friji gadi, kile kidude kinachokaa kati ya plagi ya friji na soketi, na siku hiyohiyo nikanunua. Kazi yake kubwa si ile watu wanayoifikiria. Ndiyo, umeme ukizidi inakata. Lakini la maana zaidi ni kwamba umeme ukirudi, inakaa na taa yake ya njano kwa dakika kadhaa kabla ya kuruhusu friji liwake. Ile nafasi ya kupumua ndiyo unayoinunua. Yangu ilikuwa na kioo kinachoonyesha volti, na usiku wa kwanza niliketi mbele yake kama natazama tamthilia. Saa kumi jioni 224. Saa moja usiku, mtaa mzima umewasha televisheni, feni na pasi, ikashuka 190, 182, halafu gadi ikakata. Nilikuwa naogopa umeme mkubwa miaka yote hiyo, kumbe adui yangu wa kila siku ni umeme mdogo. Mota isiyopata volti za kutosha inashindwa kuzunguka, na kwa kushindwa huko inavuta mkondo mwingi zaidi, inachemka. Taa ya balbu ikififia tunasema tu "umeme leo mchovu" na kuendelea na mazungumzo. Friji haliwezi kuendelea na mazungumzo.

Friji hilo dogo lilifanya kazi kwangu mpaka mwaka 2022, nikamwachia mdogo wangu wa Kigamboni, na mpaka leo linapoza.

Kilichonifanya nilibadilishe ni tamaa, niseme ukweli. Biashara ilikuwa imekua na nilitaka friji kubwa la milango miwili. Septemba 2022 nikaenda Kariakoo na 1,150,000 mkononi. Kijana wa dukani, mdomo mtamu, akanionyesha moja la rangi ya fedha, nofrosti, yaani lisilogandisha barafu ukutani, tena invata, yaani kompresa yake inabadilisha kasi. Akagonga ubavu wake kama mtu anayeuza ng'ombe. "Mama, kompresa waranti miaka kumi! Mpaka huyu mtoto anamaliza chuo."

Nikamuuliza kuhusu gadi. "Hili invata mama, halihitaji gadi wala stabilaiza. Linajirekebisha lenyewe."

Hapo alisema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ina gharama kuliko uongo mzima. Ni kweli kompresa ya invata inaanza polepole na inavumilia umeme mdogo vizuri kuliko zile za zamani. Lakini ili iweze kufanya hivyo inaongozwa na bodi, saketi iliyojaa vidude vidogo, na bodi ndiyo inayokutana na umeme wa ukutani kwanza. Gadi yangu ikabaki kwenye droo pamoja na betri za tochi.

Mwishoni mwa mwaka 2023, wote tunaukumbuka mgao. Umeme ulikuwa unatoka na kurudi tumeshazoea, ukirudi mtaa mzima unapiga kelele za furaha. Jioni moja ya Novemba ulirudi, taa ya sebuleni ikawaka nyeupe kupita kiasi kwa kama sekunde mbili, pakasikika pa! ndogo nyuma ya friji, na harufu kama ya nywele zilizoungua. Taa ikatulia. Friji halikutulia wala halikunguruma. Hata taa ya ndani hakuna.

Nilifunga mlango wake kwa mkanda wa gundi ili watoto wasifungue. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, inaweza kushikilia baridi siku nzima na zaidi, kwa hiyo samaki walipata muda wa kukaangwa. Lambalamba hazikuwa na namna. Kesho yake mchana niliita watoto wa mtaa, nikagawa zaidi ya sitini bure. Walidhani ni maulidi.

Nikakumbuka waranti. Kadi niliitunza vizuri pamoja na risiti, juu ya friji, chini ya kile kitambaa cha mama mkwe kilichohamia friji jipya. Nilipoitoa risiti, ilikuwa nyeupe. Nyeupe pe! Risiti za mashine zinachapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, na joto hilohilo linazifuta. Nilikuwa nimeiweka mahali pa moto kuliko pote sebuleni. Kilichoniokoa ni ushamba wa binti yangu: siku ya kununua aliipiga picha risiti akamtumia shangazi yake kumwonyesha kwamba mama ametoa milioni na ushee. Picha ilikuwa bado kwenye simu, tarehe, kiasi, na namba ya uhakiki, vyote vinasomeka.

Nikakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, 35,000, friji likiwa limesimama na kufungwa kamba. Kulilaza sikukubali hata dereva aliposema litaanguka, maana mzee alishaniambia: friji likilazwa, oili ya kompresa inatoka mahali pake inaingia kwenye mabomba, na ukiliwasha bila kulisubiri lisimame masaa kadhaa, unaiendesha kompresa kavu.

Dukani walinielekeza kwenye kituo cha huduma, upande mwingine wa mji. Nyongeza ya kirikuu, 20,000. Kituoni fundi mwenye fulana ya kampuni alifungua nyuma kwa dakika mbili, akaniita. Kwenye bodi palikuwa na kidude cha bluu, bapa, cha duara, kama sarafu, kimepasuka katikati na kuacha alama nyeusi pembeni.

"Umeme, mama."

Tukaisoma kadi pamoja, zile herufi za ukubwa wa chawa ambazo dukani hakuna anayekusomea. Waranti ya friji ni miezi 12. Mimi nilikuwa mwezi wa 14. Hata ningekuwa mwezi wa pili, uharibifu wa umeme, radi, panya, wadudu na maji hauhusiki. Na ile kompresa ya miaka kumi? Ni kompresa tu, lile dude jeusi lenyewe. Gesi ya kujaza baada ya kuibadilisha, ufundi na usafiri ni vya mteja. Bodi si kompresa. Feni si kompresa. Yaani wamekudhaminia mfupa wa ng'ombe, nyama ikioza shauri yako. Wanatoa miaka kumi kwa sababu ndicho kitu kinachokufa mara chache zaidi chenyewe, na kinapokufa, mara nyingi kimeuawa na kimoja kati ya vile vilivyoandikwa kwa herufi za chawa.

Bodi mpya 310,000. Haipo stoo, itaagizwa, wiki sita.

Kijana wa jirani yangu anayesoma sheria aliwaka kuliko mimi. Akaniambia kadi ya waranti si mwisho wa haki ya mnunuzi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inadai bidhaa ifae kwa kazi iliyonunuliwa, kadi iseme isiseme, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Nilimshukuru, na maneno yake nimeyahifadhi. Friji likifa wiki ya kwanza nitayatumia bila aibu. Lakini hili nilikuwa nimelijua kwa harufu tangu jioni ile. Bodi haikuwa mbovu. Iliuawa na umeme, na mlinzi wake alikuwa kwenye droo. Niende Tume nikaseme nini?

Nikampigia mzee wa Mtongani. Amestaafu, macho yamemsaliti, lakini akaniuliza jambo moja: "Hicho cha bluu kimepasuka peke yake, au na vingine?" Sikujua. Akanielekeza kwa kijana wa Temeke anayetengeneza televisheni. "Bodi ni bodi," alisema. "Usiangalie imetoka kwenye nini."

Kijana akaiweka bodi chini ya taa, akaipulizia vumbi, akatoa kwanza mayai ya mende yaliyogandana kwenye kona. Mende wanapenda bodi kwa sababu ina vuguvugu. Kisha akaeleza: kile cha bluu kimewekwa pale kusudi kife. Umeme ukizidi, kinajitoa mhanga, kinaupitisha kwake mpaka fyuzi ikatike, vya nyuma yake vipone. Akapima moja moja. Vya nyuma vilikuwa vimepona. Akabadilisha cha bluu na fyuzi, akanionyesha namba za vile vipya zinafanana na za vilivyokufa. Nilimwona fundi wa kwanza maishani mwangu anayeonyesha namba bila kuombwa. 25,000. Friji lilirudi usiku uleule, na gadi ikatoka kwenye droo.

Sisemi kila bodi itaamka kwa 25,000. Kama na vya nyuma vingekuwa vimeungua, ningesubiri wiki sita kama wengine. Ila tangu hapo, mtu akiniambia kitu kimoja kimekufa na tiba yake ni kubadilisha kikubwa kinachokibeba, naomba kwanza nioneshwe maiti.

Na nofrosti sitanunua tena kwa biashara. Kwa mtu mwenye umeme usioyumba ni raha, hakuna kuyeyusha barafu. Kwangu mimi ile barafu inayoganda ukutani ndiyo akiba. Umeme ukikatika masaa sita, friza la kawaida lenye barafu pembeni linabaki na lambalamba ngumu, na nofrosti inapoteza baridi mapema zaidi. Isitoshe mabomba yake ya moto yamefichwa ubavuni, ukilishika mchana linachoma, nusu ya wateja wangu wameshaniambia friji langu linaungua. Haliungui. Linatoa joto, ndiyo kazi yake, mradi usilivishe kitambaa. Mama mkwe ameelezwa, kwa adabu zote. Kitambaa sasa kiko kwenye televisheni.

Wiki tatu kabla ya Ramadhani ya 2024 nilirudi Kariakoo kununua friza la kulala, duka jingine. Kijana mwingine, mdomo uleule. Alianza na kompresa ya miaka kumi, nikamwacha amalize. Kisha nikapiga magoti sakafuni na tochi ya simu. Nikatafuta kibandiko mgongoni: T. Gesi R600a, gramu zimeandikwa. Nikamuuliza tundu la kutolea maji liko wapi, akalitafuta dakika nzima.

"Termostati ikifa mwezi wa nane, nani anailipa?"

"Ipo ndani ya waranti mama."

"Na kirikuu cha kulileta?"

Akamtazama mwenzake. Mwenzake akaangalia simu.

"Na vipuri viko hapa Dar, au vinaagizwa?"

"Mama, wewe ni fundi?"

"Mimi nauza lambalamba."

Akaenda nyuma kumwita tajiri. Nilikaa juu ya boksi la feni, nikanywa maji yangu. Tajiri alikuja anatabasamu, mzee wa makamo, miwani puani, tukasalimiana, akasikiliza. Alibishana kidogo kuhusu usafiri, nami nikasimama na kuchukua mkoba. Akaniambia nikae. Akatoa kalamu mfukoni, akageuza kadi ya waranti, akaandika kwa mkono nyuma yake: vipuri vyote mwaka 1, kufuatwa na kurudishwa juu ya duka ndani ya Dar. Akapiga muhuri, akasaini.

Nikaiweka kaunta pamoja na risiti, nikazipiga picha zote mbili palepale. Nikamtumia binti yangu. Akanijibu: "Mama, na gadi umenunua?"

Ilikuwa mkobani.